Hospitali Iliyovitangulia Vifaa Vyake: Kisa cha Matroni wa Jeshi Kisiwani Lemnos, 1915

Kwa nini kisa hiki

Kila ninapofundisha wauguzi wanaojiandaa kwenda kuhudumu kwenye maafa, au pamoja na majeshi nje ya nchi, huanza na kisa hiki. Kina zaidi ya miaka mia moja, na kilitokea kwenye kisiwa cha Ugiriki ambacho wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kukisikia. Wakishasikia jinsi manesi wale walivyochana nguo zao wenyewe wapate vitambaa vya kufungia vidonda, darasa hunyamaza, halafu neno la kwanza huwa ni sifa: hao ndio manesi wa kweli.

Ni kweli, na sitaki kupunguza hata chembe ya sifa hiyo. Ila kuna swali ambalo nisipoliuliza mimi, mara nyingi haliulizwi na mtu: bandeji zilikuwa wapi? Nguo ya nesi haichanwi bure. Huchanwa kwa sababu kuna mtu mahali fulani, tena mahali penye kiti na meza, aliyemruhusu nesi asafiri huku sanduku lake la dawa likisafiri kwa meli nyingine.

Majina ya wahusika na namba ya hospitali yao nimeyaacha. Mwenye kisa nitamwita Matroni, yaani mkuu wa wauguzi. Mahali na tarehe nimevibakiza, kwa kuwa bila kujua siku yenyewe hatuwezi kuelewa uzito wa maamuzi.

Usuli

Tarehe 25 Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza, Ufaransa, Australia na New Zealand yalitua kwenye rasi ya Gallipoli, katika Dola ya Osmania, yakitaka kufungua njia ya bahari kuelekea mji mkuu wake. Waturuki walishikilia vilima na wavamizi wakabanwa kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Majeruhi walikuwa wengi kuliko wapangaji walivyotarajia. Walipakiwa kwenye meli zozote zilizokuwapo, nyingine zikiwa za kubebea askari na farasi, wakapelekwa Alexandria na Malta. Hizo ni safari za siku kadhaa baharini kwa mtu mwenye kidonda kibichi.

Kisiwa cha Lemnos kilikuwa karibu zaidi, na ghuba yake ya Mudros ilikuwa pana kiasi cha kupokea meli za vita nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo ikaamuliwa zijengwe hospitali za mahema pale. Kwenye ramani, uamuzi huo unaeleweka. Ardhini, Lemnos wakati wa kiangazi ni mawe, miiba, vumbi na upepo usiopumzika, na maji yake ya kunywa hayakuwatosha wageni waliomiminika. Sehemu kubwa ya maji ya majeshi ilibidi iletwe kwa meli.

Matroni alikuwa muuguzi wa Australia mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, aliyewahi kuongoza wauguzi katika hospitali kubwa ya kiraia. Aliteuliwa kuwaongoza wauguzi wapatao 96 wa hospitali mpya ya kijeshi yenye vitanda zaidi ya 1,000. Waliondoka Sydney Mei 1915 wakijua wanakwenda Ufaransa. Walipofika Uingereza amri ikabadilika: Ufaransa basi, sasa ni Lemnos.

Jambo moja zaidi la usuli, ambalo naomba msomaji aliweke akilini. Wauguzi wa jeshi la Australia wakati huo hawakuwa na cheo kinachotambulika. Walikuwa jeshini, wakivaa sare ya jeshi na kulipwa na jeshi, lakini nesi alipomwambia mhudumu wa wodi, ambaye ni askari wa kiume, "lete maji," hapakuwa na kanuni iliyo wazi ya kumlazimisha askari yule atii. Kwenye kisiwa hichohicho zilikuwapo hospitali za Kanada, ambazo manesi wao walikuwa na cheo cha luteni. Nitalirudia jambo hili.

Mfululizo wa matukio

Tarehe 6 Agosti 1915 yalianza mashambulizi makubwa ya Gallipoli. Sehemu moja ya rasi peke yake, Lone Pine, katika mapigano ya siku chache, Waaustralia zaidi ya 2,000 waliuawa au kujeruhiwa. Huko Chunuk Bair na Suvla, sehemu nyingine za rasi hiyo, mambo yalikuwa hayohayo. Tarehe hiyo haikuwa siri kwa makamanda, kwani ni wao walioipanga. Ilijulikana kwamba kuanzia usiku ule machela zingejaa.

Tarehe 8 Agosti, Matroni na kundi la kwanza la manesi wake waliteremka Lemnos. Ipo picha inayowaonyesha wakiingia kambini kwa mstari, sare safi, mbele yao askari akipiga zumari la Kiskoti. Waliingia kwa heshima, mahali ambapo hapakuwa na kitanda hata kimoja cha kumlaza mgonjwa. Vifaa vya hospitali, yaani vitanda, magodoro, dawa, shashi, vyombo vya upasuaji na majiko, vilikuwa bado baharini kwenye meli nyingine.

Kesho yake, tarehe 9, Matroni alikuta wagonjwa wapatao 150 wamelala chini. Maji ya kunywa hakuna, ya kunawa hakuna. Tarehe 10 maji bado, na usiku likaja kundi jingine la majeruhi. Usiku ule ndipo manesi walipofungua masanduku yao binafsi. Sabuni zao zikaisha, nguo zao zikachanwa. Tarehe 11 wakateremshwa wengine wapatao 400, karibu wote wa machela, wengi wakiwa wamevunjwavunjwa vibaya. Walilazwa juu ya ardhi wakapewa kinywaji, na mahema yakasimamishwa juu yao palepale walipolala.

Katika shajara yake Matroni aliandika kwa mkato, kama mtu asiye na muda. Aliandika kwamba wanachoweza kufanya ni kuwalisha na kuwafunga vidonda, kwamba wengi walikufa, na kwamba kwa wote anaowafahamu aliombea risasi iwaue papo hapo kuliko wafike katika hali ile. Aliyaandika hayo akiwa na msiba wake: mdogo wake wa kiume alikuwa ameuawa Gallipoli mwezi Mei.

Majeruhi wa Agosti walipopungua hospitali haikupumua, maana waliofuata ni wagonjwa. Kuhara damu na homa ya matumbo vilienea kwenye mahandaki ya Gallipoli, ambako maiti, vyoo na jiko vilitenganishwa na hatua chache na kuunganishwa na nzi. Askari walifika Lemnos wamebaki ngozi na mifupa. Chakula cha jeshi kilikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu, vitu ambavyo utumbo ulioungua kwa kuhara hauwezi kuvipokea. Manesi nao waliugua. Katika hospitali za Kanada, mkuu wa wauguzi na nesi wake mmoja walikufa kwa kuhara damu Septemba 1915, wakazikwa kisiwani.

Mwishoni mwa Novemba dhoruba ya mvua na theluji iliyapiga mahandaki ya Gallipoli, na wagonjwa wa aina ya tatu wakaanza kuletwa: watu walioganda miguu kwa baridi. Mahema ya Lemnos yalikuwa yaleyale ya kiangazi, na upepo uliyang'oa zaidi ya mara moja. Desemba askari waliondolewa sehemu za rasi zilizoitwa Anzac na Suvla, na Januari 1916 wakaondolewa Helles, ncha yake ya kusini. Mwezi huohuo hospitali ya Matroni ilihamishiwa Misri, Abbassia, karibu na Cairo.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ule wa tarehe 11: maji kwanza, hema baadaye, na hema limfuate mgonjwa. Nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki. Mtu aliyepoteza damu, akakaa juani ufukweni, akapakiwa na kupakuliwa chomboni, anakufa kwa ukosefu wa maji mwilini kabla kidonda hakijamuua. Kumhamisha mara nyingine ili tu wodi ionekane na mistari kungemwongezea damu ya kupoteza na maumivu. Matroni aliwaacha wagonjwa pale walipo na kuijenga wodi juu yao. Aliyezoea usimamizi wa wodi za kiraia, ambako kitanda kilichopinda ni kosa, hakuufikia uamuzi huo kwa urahisi.

Wanafunzi wangu makini hunishika hapa, na wana haki. Si kila majeruhi anapaswa kupewa maji. Mwenye tundu tumboni akinywa unaweza kumdhuru. Kumbukumbu za siku zile hazielezi namna walivyotenganishwa. Kwa watu 400 waliofika kwa pamoja, taa chache na manesi wachache, nadhani wapo walionyweshwa ilhali hawakustahili kunywa. Kwa hiyo nasema uamuzi ulikuwa mzuri kwa walio wengi, na nafundisha kwamba hata penye uhaba mkubwa nesi mmoja asimame mlangoni, asifanye lolote ila kutazama na kutenganisha: huyu anywe, huyu aloweshwe midomo tu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutumia mali binafsi. Kitambaa cha shati lililofuliwa si shashi iliyochemshwa, na hawakuwa hata na maji ya kulichemsha. Lakini kidonda kilichofungwa kwa kitambaa cha nguo ni afadhali kuliko kidonda kilicho wazi kwenye nzi wa Agosti, na wao walijua hivyo. Sabuni ndiyo hasara niionayo kubwa zaidi, kwa sababu ikishaisha, mikono ya nesi hubeba ugonjwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Antibiotiki hazikuwapo. Penisilini iligunduliwa 1928. Mwaka 1915 sabuni na maji ndivyo vilivyokuwa silaha, na vyote viwili vilikosekana.

Uamuzi wa tatu hauna tarehe. Ni ule wa kubaki na kuendelea na kazi chini ya mkuu wa hospitali ambaye hakuwapenda manesi wala kuwasikiliza, na miongoni mwa wahudumu wa kiume ambao baadhi yao waliwadharau. Matroni angeweza kulipeleka jambo hili juu mapema na kwa sauti kubwa zaidi. Alichagua kuwashika manesi wake pamoja, kuwalinda na kusukuma taratibu. Hali ilibadilika kweli pale mkuu yule, aliyeugua, alipoondolewa mwezi Novemba na nafasi yake kuchukuliwa na daktari aliyewaheshimu wauguzi. Yaani ilichukua miezi mitatu, na kilicholeta nafuu kilikuwa ugonjwa wa mtu mmoja.

Kuhusu kuhara damu sina mengi ya kueleza upande wa dawa. Dawa iitwayo emetini ilikuwapo kwa ile inayosababishwa na amiba, na kwa ile ya bakteria walitumia chumvi za kuharisha na dua. Kilichobaki kilikuwa uuguzi: kumpa mtu maji kidogo kidogo kwa kijiko, kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, kumsafisha mara ishirini kwa siku bila kumfanya aone haya, kumtafutia maziwa na yai badala ya biskuti. Mchanganyiko wa chumvi na sukari tunaoukoroga leo kwenye kila zahanati ulikuwa haujulikani. Ulikuja nusu karne baadaye. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kusimama hapa kidogo. Katika vita hivyohivyo, upande wetu wa dunia, wapagazi wa majeshi kwa makumi ya maelfu walikufa, na kuhara damu kulikuwa mmoja wa wauaji wao wakubwa, pamoja na unga wa mahindi usioiva na ukosefu wa vyoo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Hao hawakupata hata nesi wa kuwachania nguo.

Matokeo

Katika miezi mitano hivi hospitali ile ilipokea maelfu ya wagonjwa, na waliofia hapo walikuwa takribani wawili katika kila mia. Takwimu hiyo hutajwa kwa fahari, nami sitaki kuinyang'anya fahari yake, ila tuisome vizuri. Waliojeruhiwa vibaya zaidi walikufia Gallipoli kwenyewe, au kwenye vyombo kabla ya kufika Mudros. Wengi waliofika baada ya Agosti walikuwa wagonjwa wa tumbo, ambao wakipata maji, usafi na chakula laini hupona. Wengine walipelekwa Misri, Malta na Uingereza, na aliyekufia huko hahesabiwi Lemnos. Hata baada ya kutoa hayo yote, wawili kwa mia katika mahema yasiyo na maji si jambo la bahati. Kuhara damu bila muuguzi huua kuliko hivyo, na wapagazi wetu ni ushahidi.

Kilichofaa

Kilichofaa kilikuwa ndani ya watu waliokuja. Hakikuwa ndani ya mfumo uliowaleta. Manesi wale walikuwa wamehitimu na kukomaa kazini kabla ya kuingia jeshini. Mikono yao ilijua la kufanya pasipo kitanda wala meza. Nafundisha hili kwa msisitizo, maana siku hizi tunashawishika kudhani mafunzo ya maafa ni kitu cha wiki mbili kinachobandikwa juu. Ujuzi wa kumgeuza mgonjwa, kumlisha aliyedhoofu, kuona rangi ya midomo ikibadilika, hujengwa wodini kwa miaka.

Uwepo wa Matroni mwenyewe ulifaa pia. Aliwaongoza akiwa palepale kwenye mahema, akila walichokula. Wakati wa usiku ule wa nguo kuchanwa, za kwake zilikuwa humo.

Kilichoshindikana

La kwanza ni orodha ya shehena. Hospitali iliandaliwa kwa ajili ya Ufaransa, nchi yenye reli, maji na majengo. Amri ilipobadilika, watu walielekezwa upya haraka kuliko mizigo. Siku ya mashambulizi ilijulikana, na mahali vifaa vilipo palijulikana. Kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyaweka mambo hayo mawili kando kwa kando na kuona hayakutani. Ama hakuyaweka, ama aliyaweka akanyamaza. Nimeshuhudia jambo la namna hii katika maisha yangu, kwa kiwango kidogo: wodi ya wazazi ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba kabla bomba la maji halijafika, na kwa wiki kadhaa manesi wakawa wanachota maji kwa ndoo zao walizotoka nazo nyumbani. Kila mgeni aliyepita aliwasifu kwa moyo wao. Bomba halikuharakishwa, na naamini sifa zile zilichangia. Mkubwa akiona kazi inaendelea, haoni haja ya kupiga simu.

Ndiyo maana nikifundisha hatua ya maandalizi huwaambia wanafunzi wangu waandike masharti ya chini kabisa ya kufungua huduma: lita ngapi za maji kwa mgonjwa kwa siku, vyoo vingapi vya shimo na viwe umbali gani, bedipani ngapi, siku ngapi za shashi. Tena sehemu ndogo ya vifaa hivyo isafiri pamoja na nesi, kwenye chombo kilekile, hata kama amri itabadilika njiani. Sanduku kumi tu chini ya vitanda vya manesi ndani ya meli ile zingebadilisha tarehe 9, 10 na 11 Agosti.

La pili ni cheo. Hapa hospitali za Kanada zinatupa mizani, kwa kuwa kisiwa kilikuwa kimoja, vumbi moja na nzi wale wale. Nesi wa Kanada alikuwa luteni, na mhudumu aliyekataa agizo lake alikuwa amekataa agizo la ofisa. Cheo hakikuwakinga na kuhara damu, kama makaburi yale mawili yanavyoonyesha, na sitaki mtu adhani kwamba nembo begani ni dawa. Lakini kila dakika ambayo nesi wa Australia aliitumia kumbembeleza askari akamwage ndoo ya choo ilikuwa dakika iliyotoka kwa mgonjwa. Ukimpa mtu dhamana ya uhai wa watu mia na usimpe uwezo wa kuamrisha ndoo imwagwe, umemfanya abebe lawama bila mamlaka.

La tatu, na hili ni gumu zaidi kwangu kulisema kwa sababu nampenda Matroni: ukimya. Aliandika ukweli wote kwenye shajara. Shajara haimfikii mpangaji wa meli. Jeshi la 1915 halikuwa na mlango ambao mwanamke asiye na cheo angeupitia kudai vifaa, na najua gharama ambayo angelipa kwa kuzidisha sauti. Hata hivyo, nikiwapa wanafunzi zoezi, huwapa hili: andika taarifa ya usiku wa tarehe 9 Agosti. Mistari sita. Wagonjwa wangapi, maji kiasi gani, nini kimekosekana, nani atakufa kwa sababu hiyo kabla ya asubuhi, unataka nini kutoka kwenye meli zilizotia nanga ghubani, unataka kifike saa ngapi. Zilikuwapo meli nyingi Mudros usiku ule, zenye mapipa ya maji na mashuka.

Wengi huandika vizuri mistari mitano ya kwanza. Wa sita, ule wa kudai, huuandika kama ombi la hisani, nami huwarudishia wauandike tena.

Matroni alitunukiwa nishani ya Msalaba Mwekundu wa Kifalme mwaka 1916. Wauguzi wa jeshi la Australia walipewa cheo cha heshima cha uofisa mwaka huohuo, hema la mwisho la hospitali yao likiwa limekwisha kung'olewa Lemnos.